Mkandaji wa Tabata

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia Temeke, katika nyumba ya udongo aliyoiacha marehemu baba mkwe wangu, baada ya siku mbili za uchungu. Alikuwa mkubwa, wa kiume, na watu walifurahi. Mie nilibaki na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nikikohoa, mkojo unanitoka. Nikipiga chafya, hivyo hivyo. Nikijitwisha debe la maji pale bombani, kabla sijafika mlangoni kanga ya ndani imeshalowa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilidhani ni mambo ya uzazi, na kwamba arobaini ikiisha nayo yataisha. Arobaini iliisha, mwaka ukaisha, yenyewe hayakuisha.

Siku hizo Waingereza walikuwa bado wapo, na mtaani kwetu hakuna aliyesema kwa sauti kwamba wataondoka. Mume wangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Alitoka alfajiri kwa baiskeli, akarudi jioni. Nyumbani tulishinda wanawake wawili, mie na mama yake, pamoja na mtoto. Mama mkwe hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache, msafi kupita kiasi, anayefua nguo zake mwenyewe na kuzianika uani, nyuma ya jiko, hata siku ambazo mie nina beseni zima la kufua na kamba ya mbele iko wazi.

Kilichonisumbua zaidi ilikuwa sala. Natia udhu, nainama kurukuu, udhu umevunjika. Naanza tena. Siku nyingine adhuhuri ilinipita nikiwa naenda na kurudi kwenye pipa la maji. Mwishowe nikaanza kujidanganya, nasali haraka haraka kabla mwili haujanisaliti, kisha nakaa kwenye mkeka nikijiuliza kama nimesali au nimefanya mazoezi ya viungo tu. Kwenye maulidi ya wanawake nilikaa karibu na mlango. Harusini sikucheza. Wenzangu walisema nimekuwa na maringo tangu nizae dume.

Mimba ya pili ilinikuta mtoto ana mwaka na miezi. Ilipofika mwezi wa tano lilikuja jambo jipya, uzito huku chini, kama kitu kinachotafuta njia ya kutoka. Nikitwanga mpunga, kila pigo la mchi nalisikia huko. Nikawa natwanga kidogo, nakaa, natwanga kidogo.

Nilikwenda zahanati. Kulikuwa na nesi wa Kizungu, mwanamke, na pembeni yake alisimama dresa mmoja mwanamume, mfunga vidonda wa zahanati, kijana wa bara mwenye adabu zake, kazi yake siku hiyo kutafsiri. Nesi aliuliza nina shida gani. Dresa akanigeuzia swali kwa Kiswahili safi, akasubiri, macho yake ukutani ili asinitahayarishe. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima tangu nyumbani. Nikasema kiuno kinaniuma. Nikapewa chupa ya dawa na kuambiwa nipumzike. Sina wa kumlaumu. Waliniuliza, na mie sikujibu.

Aliyenifumbua macho alikuwa mwanamke wa Kihindi, Mshia, mke wa mwenye duka la nguo tulilozoea kununua. Mumewe aliuza mbele, yeye alikata nguo nyuma ya kaunta, na alizungumza Kiswahili cha mji kwa kuwa alizaliwa hapa hapa, na mama yake pia. Nilikuwa nanunua kwake marekani, ile nguo nyeupe ngumu, nachana vipande, navikunja na kujifunga navyo kama mwanamke aliye kwenye siku zake. Siku moja akaweka mkasi chini, akaangalia tumbo langu, akaangalia marekani.

"Mwezi jana ulichukua yadi mbili," aliniambia. "Na leo tena. Mwenye mimba haingii mwezini. Unafungia nini?"

Mumewe alikuwa anabishana na mteja huko mbele. Sijui kwa nini nilimjibu. Labda kwa sababu hakuwa ndugu wala jirani, na nikitoka mle dukani hatapeleka neno langu bombani. Nilimwambia yote, tangu kikohozi mpaka mchi wa kinu. Alisikiliza huku anaikunja nguo. Kisha akaniambia naye yalimpata kwa mtoto wa tatu, na kwamba aliyemtengeneza ni bibi mmoja anayekuja kukanda wazazi wa Kihindi huko mjini, nyumba kwa nyumba.

"Ni mtu wa kwenu," alisema. "Mzaramo. Anakaa Tabata. Mie nilidhani nyie wote mnamjua."

Sikumjua. Niliuliza kwa uangalifu kwa mwanamke mmoja na mwingine pale mtaani, na wao hawakumjua. Baadaye nilielewa sababu. Kwa Wahindi ilikuwa desturi kumwita mkandaji baada ya uzazi, wakamlisha na kumwagiza kwa jamaa zao. Kwetu mkunga alifanya yote, na mkunga akimaliza, mambo yamekwisha. Kilichobaki ni siri yako na kanga yako.

Mume wangu nilimwomba ruhusa ya kwenda kukandwa tumbo, akatoa bila kuuliza. Mama mkwe ndiye aliyesita. Alisema mkunga wetu yupo nyumba ya nne, amezalisha nusu ya mtaa, ya nini kwenda kutafuta mikono ya watu wa mbali. Sikubishana. Nilimwachia mtoto, nikamchukua wifi yangu, aliyeolewa mtaa wa pili, anisindikize, tukaenda kwa miguu kupitia Buguruni, tukavuka reli, tukaingia njia za mashamba. Tabata ya wakati huo ilikuwa mihogo na minazi, nyumba mojamoja, na unapouliza njia unaelekezwa kwa miti. Nilisimama mara tatu kichakani. Mara ya tatu wifi yangu alinipa kanga yake ya juu nibadilishe.

Bibi tulimkuta anamenya mihogo. Alikuwa mfupi, umri wa miaka sitini hivi, jicho moja lina ukungu, mikono mipana kuliko kimo chake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamaliza muhogo alioushika, akanawa, akamwambia wifi yangu aendelee kumenya. Mie akanitia ndani.

Nilitegemea mafuta na kukandwa. Alianza kwa maswali. Mtoto wa kwanza alikuwa mkubwa kiasi gani. Nilizaa nimelala au nimepiga magoti. Uchungu ulianza lini, na lini niliambiwa nisukume. Nilimjibu kwamba nilisukuma tangu asubuhi ya siku ya pili mpaka alasiri, kwa kuwa mkunga alisema nikiacha mtoto atachoka. Bibi alitandika mbacha, mkeka wake uliochakaa. Hakumsema vibaya mkunga wetu, siku ile wala siku nyingine.

"Nitakugusa," alisema. "Ukitaka niache, sema, nitaacha."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, si mkunga wala mume. Nililala chali kwenye mbacha wake, akanifunika kwa kanga mpaka magotini, akapaka mafuta ya nazi kwenye vidole. Akaniambia nifumbe huku chini kama mtu anayekata mkojo katikati. Nikabana mapaja, nikabana matako, nikabana na meno. Akaniambia niache vyote hivyo. Akanipapasa paja, nililegeze. Akanipapasa taya. Nikajaribu tena, nikazuia pumzi, naye akasema mwenye kuzuia pumzi anasukuma, hafumbi. Ilichukua muda mrefu kabla hajasema, "Hapo. Hicho hicho. Ni kidogo, lakini kipo."

Kisha akaniuliza kama niliwekwa ndani nilipovunja ungo. Nikamjibu ndiyo, miezi mitatu, na somo wangu alinifunza vizuri.

"Hiki hakukufundisha?"

Nilikumbuka, nikaona haya. Tulifundishwa, tena kwa ngoma na nyimbo, ila tuliambiwa ni mambo ya chumbani, ya kumfurahisha mume. Nilipomweleza hivyo alicheka kidogo, mara moja tu siku ile.

"Ni kitu kilekile," alisema. "Walikufundisha nusu."

Nusu ya pili yeye aliipata mjini. Akiwa msichana alimtumikia ajuza mmoja wa Kihindi aliyekuwa mkandaji wa wazazi, akambebea mafuta na maji ya moto miaka mingi, mpaka yule ajuza alipokosa nguvu za mikono na yeye akachukua nafasi yake. Kuzalisha hakujua na hakutaka kujua. Alisema kazi ya mkunga ni kumtoa mtoto, yeye kazi yake ni kumrudisha mama.

Alinipa kazi za kufanya nyumbani. Kufumba polepole mpaka nihesabu vidole vya mkono mmoja, kuachia polepole vilevile, mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi baada ya isha. Kufumba kabla ya kukohoa, si baada. Debe nijaze nusu, na ninapolinyanyua nitoe pumzi. Chooni nisijikamue, nile mapapai na mboga za majani. Mchana nilale kidogo nimeweka mto chini ya nyonga ili kile kizito kipande juu. Kutwanga niache mpaka nizae. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, maana mwanamke asiyetwanga lazima aeleze kwa nini.

Tumbo alinikanda kidogo sana, kwa kulinyanyua tu, hakulisukuma. Aliniambia wazi kwamba palipochanika ndani nilipomzaa mtoto wa kwanza hapawezi kufanywa kitu wakati mimba ipo. Nisubiri nizae, na atakuja mwenyewe kunitazama. Na aliniambia mambo mawili ya kushika siku ya kuzaa. Nipige magoti, nisilale. Na nisisukume mpaka mwili wenyewe usukume, hata waseme nini.

Nilirudi kwake mara nne kabla ya kuzaa. Mwezi wa nane niliona tofauti ndogo. Kikohozi kidogo hakikunitoa mkojo, kikubwa kilinitoa. Si jambo la kusimulia, lakini nililihesabu. Mchi niliusingizia mgongo, na mama mkwe akatwanga mwenyewe.

Binti yangu alizaliwa nyumbani mvua za vuli zikinyesha. Mkunga wetu wa nyumba ya nne alikuwa na haraka zake za kawaida. Aliponiambia nisukume, nilimwambia bado. Alirudia, nikamwambia bado, nikiwa nimepiga magoti nimeshika nguzo ya kitanda. Alimgeukia mama mkwe kama anayeshtaki. Mama mkwe alinitazama, kisha akamwambia yule mkunga, "Mwache."

Mtoto alitoka mwenyewe, taratibu, kabla ya magharibi.

Shida ilikuja siku iliyofuata, nayo ilikuwa mkaja. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo kwa nguo ndefu, inazungushwa na kukazwa kwa nguvu ili tumbo lirudi na lisining'inie. Mama mkwe alikuwa hodari wa kukaza mkaja. Aliweka goti ubavuni kwangu akavuta, na papo hapo nilisikia kila kitu kinashuka chini, kama unavyokamua chungwa. Bibi wa Tabata alikuwa ameniambia nisifungwe kwa nguvu siku za mwanzo.  Alipotoka, niliulegeza. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tano aliingia ghafla na uji wa pilipili manga, akanikuta nimeufungua wote.

Hakupaza sauti. Aliweka bakuli chini akauliza kama namwona yeye mjinga. Nikamwambia hapana, mama, lakini ukikaza nasikia kizazi kinataka kutoka. Nilipotamka hivyo alibadilika uso. Nilidhani ni hasira. Akauchukua mkaja, akaukunja, akauweka juu ya sanduku, akatoka. Siku mbili hakunifunga, wala hatukuzungumza ila yanayomhusu mtoto.

Bibi alikuja siku ya tisa, baada ya wifi yangu kumpelekea habari. Alikuwa ametembea kutoka Tabata peke yake, na miguu yake ilijaa tope mpaka magotini. Mama mkwe alimpokea kwa heshima zote, maji ya kunawa, mkeka mpya, chai. Nilitegemea wagombane. Bibi alinitazama kwanza, akanigusa, akaniambia palipochanika zamani bado pana ulegevu, lakini safari hii hapakuongezeka kitu, na kwamba kwa kazi na subira patakaza. Akanifunga mkaja yeye mwenyewe, akaanzia chini kabisa kwenye nyonga na kupanda juu, si wa kukaza, wa kushikilia tu. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anaangalia mikono yake.

"Na kilichokwisha kutoka," aliuliza, "hicho kinarudi?"

Bibi aliuliza kimetoka kwa nani. Mama mkwe akatazama uani. Akasema, "Kwangu. Tangu nilipomzaa mume wa huyu."

Mume wangu alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya samaki. Kizazi kilimshuka baada ya uzazi ule, na ndiyo maana hakupata mtoto mwingine, ingawa watu walisema mengine. Wifi yangu alikuwa binti wa mke mwenzie, aliyefariki zamani. Hilo nililijua, lakini sikuwahi kulifikiria. Asubuhi alikirudisha kwa mkono, jioni kilikuwa nje. Kwenye lori au gari lolote hakuweza kukaa. Dada yake alikufa Bagamoyo na hakwenda kumzika. Kuhusu sala alimuuliza shehe, akamwambia ni habari ya jirani yake mmoja. Shehe akajibu kwamba mtu wa namna hiyo ajifunge kitambaa, atie udhu kila kipindi kinapoingia, asali, na sala yake ni sahihi hata kikitoka kitu katikati.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, maana alikuwa akiniona nikikimbilia pipani kila siku.

"Niliona," alisema. "Nikasema labda yako ni ndogo. Ningekwambia, ungejua na yangu."

Nilikasirika. Mambo hayo mawili, ya sala na ya mkojo, tungeweza kuyagawana kwenye nyumba moja, na kila mmoja wetu aliyaficha kwa mwenzake nyuma ya jiko. Hasira ile ilinikaa siku kadhaa, kisha nikaona sina haki nayo. Na mie nilimwambia dresa kiuno kinaniuma.

Bibi alimtazama mama mkwe chumbani kwake, mlango umefungwa, na alitoka akisema ukweli wake. Cha miaka ishirini na tisa hakirudi kwa kufumba. Kufumba kutasaidia mkojo na uzito, lakini chenyewe kinahitaji kushikiliwa. Alisema hospitalini wana pete ya mpira wanayoitia ndani, ajuza wake wa Kihindi alimwambia na yeye mwenyewe ameiona kwa mwanamke mmoja mjini. Mama mkwe alikataa. Alikataa mwezi mzima. Akawa anafanya mazoezi pamoja nami baada ya isha, tumelala sambamba kwenye mkeka, mtoto katikati, mie nikihesabu. Hatukutazamana. Mume wangu alipita siku moja akauliza tunafanya nini, mama yake akamwambia tunapumzika.

Baada ya arobaini yangu ndipo alipokubali. Tulikwenda mjini, tukazungushwa huku na huku, na pete alipata katika safari ya pili, kutoka kwa daktari mwanamke wa Kizungu asiyesema Kiswahili zaidi ya "vizuri" na "pole". Maneno niliyasema mie, moja moja, kwa nesi wa Kiafrika aliyekuwa akitafsiri. Pete ilimsumbua wiki ya kwanza, ikabidi arudi wampe nyingine ndogo kidogo. Ile ya pili ilikaa.

Mwaka uliofuata alipanda lori kwenda Bagamoyo kuzuru kaburi la dada yake. Alikaa huko siku sita. Aliporudi alisema barabara mbaya, akaniletea kasha la dagaa, akaenda kuanika nguo zake.

Mie sikupona moja kwa moja, na sidhani kuna wanaopona hivyo. Miezi minane baada ya kuzaa nilikuwa nabeba debe zima. Harusini nilicheza, kwa tahadhari. Nilizaa wengine wawili, wote kwa magoti, na kila baada ya uzazi nilianza upya kuhesabu vidole. Mafua yakinipata mpaka leo natembea na kitambaa. Wanawake wa mtaani walianza kuja mmoja mmoja, kila mmoja akidai ametumwa na rafiki yake, nami niliwaelekeza Tabata. Wengine walikwenda. Wengine walisikiliza, wakanywa maji, wakasema watamwambia huyo rafiki.

Bibi mwenyewe sikumwona tena baada ya mtoto wangu wa tatu. Nilikwenda Tabata nikaambiwa mikono yake imekufa ganzi, amechukuliwa na mpwa wake upande wa Kisarawe. Nyumbani kwake alikuwa anakaa mpangaji, mwanamume, fundi wa baiskeli, ambaye hakujua aliyemtangulia alikuwa na kazi gani. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyejifunza kwake. Akasema wanawake walikuwa wanakuja kuuliza vivyo hivyo, wengi tu, hata Wahindi kwa gari, na yeye huwajibu wote kwamba hajui.